Muziki wa bure na masharti yake

Free Music Archive ni hazina ya muziki kwenye intaneti iliyoanzishwa mwaka 2009 na WFMU, kituo cha redio cha New Jersey, Marekani, kinachotegemea michango ya wasikilizaji wake. Humo hupatikana, bila malipo, nyimbo za wanamuziki wasio na mkataba na kampuni kubwa, wakiwamo waliojirekodi wenyewe nyumbani.

Bure, hata hivyo, si holela. Nyimbo nyingi hutolewa kwa leseni za Creative Commons, zilizotangazwa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Alama ya BY humtaka mtumiaji amtaje msanii. NC hukataza matumizi ya kibiashara. ND hukataza kusambaza wimbo uliobadilishwa. Hii ya mwisho huwaponza watengenezaji wa video, kwani kuoanisha wimbo na picha za video nako huhesabiwa kuwa ni kuubadili.

Tatizo kubwa zaidi ni utunzaji. MP3.com, iliyobeba kazi za wasanii chipukizi tangu miaka ya 1990, ilinunuliwa na CNET mwaka 2003 na nyimbo zilizokuwamo zikaondolewa. Free Music Archive nayo ilitangaza kufungwa mwaka 2018, ikanusurika mwaka 2019 ilipochukuliwa na Tribe of Noise ya Uholanzi.

Kwa hiyo anayepakua wimbo ni vema ahifadhi pia jina la msanii, tarehe na aina ya leseni. Msanii anaweza kuuondoa wimbo wake mtandaoni, lakini ruhusa aliyokwisha kuitoa haibatiliki kwa anayezingatia masharti.