Bamba la Utambulisho na Namba Nne za Ndege Moja

Bamba la utambulisho ni kipande kidogo cha chuma ambacho mtengenezaji wa ndege hukifunga kwa ribiti mahali pa kudumu ndani ya kiwiliwili chake, kwa kawaida karibu na mlango au kando ya kiti cha rubani, kikiwa kimechongwa jina la kiwanda, aina ya ndege na namba yake ya uundaji. Kwa ndege za kiraia, Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka bamba hilo liwe la chuma au kitu kingine kisichoungua, na libebe alama za usajili, ili hata pale ndege inapoteketea yote pabaki kitu cha kusomwa. Ndege za kijeshi haziguswi na sharti hilo, kwa kuwa Ibara ya 3 ya mkataba huohuo inaziweka kando ndege zote za dola. Kila jeshi na kila kiwanda kilifuata desturi yake, na hapo ndipo ugumu wa kutambua masalio ya ndege za vita unapoanzia.

Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira kushuka Baraka, Fizi na Kalemie, mafundi wengi huliita bamba hilo plaki, na namba huiita numero, maneno yote mawili yakiwa yametoka katika Kifaransa. Hayana kosa lolote katika mazungumzo ya karakana. Katika maandishi ya kitaalamu, hata hivyo, plaki hubeba mzigo mkubwa mno, kwa sababu ni plaki ya gari, ni plaki ya mlangoni pa ofisi, na ni plaki ya injini pia, ilhali bamba la utambulisho linataja kazi ya kitu chenyewe. Neno utambulisho nalo linafaa kutenganishwa na utambuzi: utambulisho ni kile ambacho kitu kinajisemea kwa maandishi yaliyomo mwilini mwake, na utambuzi ni hitimisho analolifikia mchunguzi baada ya kupima maandishi hayo pamoja na ushahidi mwingine. Bamba linaweza kuwa halisi na utambuzi ukawa wa makosa.

Sababu ni kwamba ndege moja huwa na namba nne za hadhi tofauti, nazo katika Kiswahili cha kawaida huingizwa zote katika neno moja, namba. Namba ya uundaji hutolewa na kiwanda na haibadiliki hata ndege ikiuzwa mara kumi. Namba ya kijeshi hutolewa na jeshi linaloimiliki, hupakwa rangi mkiani au ubavuni, na hubadilika mmiliki anapobadilika. Alama za usajili ni za kiraia, na herufi zake za mwanzo hutaja nchi: ndege za Kongo ya Wabelgiji zilianza na OO-C, na baada ya uhuru Kongo ikatumia 9O kwa muda mfupi kabla ya kuhamia 9Q inayotumika hadi leo. Ya nne ni namba ya kipuri, ambayo hugongwa au kupigwa muhuri wa wino kwenye kila kiungo, nayo haisemi lolote juu ya ndege fulani, kwa maana vipuri elfu moja vya umbo moja hubeba namba moja. Anayejua tofauti ya namba ya chesisi na namba ya usajili wa gari ameshaielewa nusu ya jambo hili.

Umuhimu wa kutenganisha namba hizo unaonekana vizuri zaidi katika ndege za miaka ya 1964 na 1965. Waasi waliopigana na serikali ya Kongo waliitwaa Uvira mnamo Mei 1964, na vita vikaenea kando ya ziwa hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Serikali hiyo, iliyokuwa Léopoldville, ilisaidiwa na ndege zilizotolewa na Marekani, ambazo nyingi zilirushwa na Wakuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la CIA. Baada ya Albertville kurejea mikononi mwa serikali, uwanja wake ukawa mojawapo ya vituo vya ndege hizo, na mwaka 1965, Che Guevara alipokuwa upande wa waasi katika milima ya Fizi kati ya Aprili na Novemba, ndizo zilizokuwa zikipita juu ya Baraka na juu ya maji ya ziwa. Aina mbili ndizo zilizojulikana zaidi, T-28 ya kiwanda cha North American, na B-26K, ambayo asili yake ni kiwanda cha Douglas.

Hizi zote mbili ni mitego kwa msomaji wa mabamba. T-28A ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kufundishia marubani, ikiwa na injini ya silinda saba yenye nguvu farasi 800. Baadhi yake zilivuliwa injini hiyo baadaye, zikafungwa injini ya silinda tisa yenye nguvu farasi 1,425, zikaongezewa vishikio vya silaha chini ya mabawa, na kuitwa T-28D. Mtu anayesoma kwenye bamba la kiwanda kwamba ndege ni ya 1951 na ni ya mafunzo, huku ubavuni kwake kuna kipande cha bawa chenye kishikio cha roketi, anaweza kudhani kuwa amekusanya mabaki ya ndege mbili, wakati kumbe ni moja. B-26K ina historia ya kutatanisha zaidi. Ilizaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa jina la A-26, ikaitwa B-26 mwaka 1948, na kwa kufanya hivyo ikarithi jina la ndege nyingine kabisa, Marauder ya kiwanda cha Martin, ambayo haina undugu nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndege 40 za aina hiyo ziliundwa upya na kampuni ya On Mark huko California na kupewa namba mpya za kijeshi zinazoanza na 64, kana kwamba zilizaliwa mwaka huo, kisha mwaka 1966 jina likabadilishwa tena kuwa A-26A. Katika ndege ya namna hiyo kila namba inasema kweli kuhusu tarehe yake, na ni mchunguzi anayepaswa kueleza ipi ni ya kuundwa na ipi ni ya kuundwa upya.

Bamba lenyewe, kwa bahati mbaya, ndicho kitu cha kwanza kuondoka. Askari hulichukua kama kumbukumbu, watoto hulichezea, na wanunuzi wa vyuma chakavu huliuza pamoja na vingine, na alumini ya kiwiliwili huishia kuyeyushwa na kuwa sufuria. Kinachobaki kwa kawaida ni vipande vizito au visivyo na faida, na hapo namba ya kipuri, iliyodharauliwa hapo juu, inageuka kuwa shahidi mkuu. Kiwanda cha North American kilianza namba za vipuri vyake kwa namba ya mradi ambao kipuri kilichorewa, hivyo 159 huelekeza kwenye T-28, ilhali 88 na 168 huelekeza kwenye T-6, ndege ndogo ya mafunzo iliyotumiwa na jeshi la anga la Katanga, jimbo lililojitenga, na baadaye na lile la serikali. Tahadhari inahitajika hata hapa. Kiwanda hakikuchora upya kipuri ambacho tayari kilifaa, na kwa hiyo kipande chenye 88 kinaweza kukutwa ndani ya T-6 iliyoundwa miaka mingi baada ya mradi huo. Vipuri vyenye herufi AN havina faida yoyote katika kazi hii, kwa kuwa herufi hizo ni za vipimo vya pamoja vya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani, na bolti zake zilifungwa katika ndege za viwanda vyote.

Bati la alumini nalo huandikwa, na maandishi yake yana thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Viwanda vya Marekani vilipiga muhuri wa jina la aloi juu ya bati, na mara nyingi wino huo hubaki upande wa ndani ambako jua halikufika. Aloi iliyotumika zaidi katika ndege iliitwa 24S-T hadi mwaka 1954, mfumo wa namba za tarakimu nne ulipoanza na aloi hiyohiyo kuwa 2024. Bati lenye jina la zamani halithibitishi kwamba ndege ilianguka kabla ya 1954, ila linathibitisha kwamba bati lilitengenezwa kabla ya hapo, na bati lenye 2024 haliwezi kuwa la Vita vya Pili vya Dunia labda kama ni kiraka cha matengenezo. Injini hutambuliwa kwa njia rahisi kuliko zote, yaani kuhesabu silinda: saba kwa T-28A, tisa kwa T-28D na T-6, kumi na nne katika safu mbili kwa C-47 ya kubebea mizigo, kumi na nane kwa B-26K. Tisa za T-28D na tisa za T-6 hutofautishwa kwa ukubwa, kwani injini ya T-6 ilikuwa na nguvu farasi 600 tu.

Ndege za kwanza za vita katika ziwa hili zinahitaji kanuni tofauti kabisa. Mwaka 1916 Wabelgiji waliletewa ndege nne za maji aina ya Short 827, zilizotolewa na Jeshi la Majini la Uingereza na kusafirishwa zikiwa vipande ndani ya makasha hadi Mtoa, kaskazini mwa Kalemie, ambako ziliunganishwa na kurushwa kuishambulia bandari ya Kigoma na meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba. Rubani mashuhuri wa kikosi hicho, Aimé Behaeghe, alifariki Niemba mwezi Desemba mwaka huohuo. Ndege hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye mabawa ya zaidi ya mita 16 kutoka ncha hadi ncha, na namba zake za kijeshi zilipakwa juu ya kitambaa. Mchwa na mvua havikuacha namba hizo. Vitu vinavyoweza kudumu ni injini ya Sunbeam Nubian ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V na kupozwa kwa maji, viungio vya chuma na waya za kukazia mabawa. Na hata bamba la injini hiyo lingepatikana, lingekuwa utambulisho wa injini peke yake, kwa sababu injini zilihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine kadiri zilivyoharibika.

Linabaki suala la mahali. Istilahi muktadha wa ugunduzi humaanisha nafasi ya kitu ardhini, tabaka la udongo lililokifunika, na vitu vilivyokizunguka, na katika Uvira muktadha huo huvurugika upesi kuliko katika viwanja vya nchi kavu zaidi. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, mito yake hushuka kwa kasi, na mafuriko ya Aprili 2020 ya mto Mulongwe yalionyesha kiasi cha mawe na tope kinachoweza kuhamishwa kwa usiku mmoja. Kipande cha bawa kilichokutwa karibu na uwanja wa Kavimvira hakiwezi kuhesabiwa kuwa kilianguka hapo kwa sababu tu kiko hapo. Ziwa lenyewe ni mtunzaji bora zaidi, kwa kuwa katika upande wa kaskazini maji yaliyo chini ya mita 100 hivi hayana oksijeni na chuma huoza humo polepole, ila kina hicho hakifikiwi na mzamiaji wa kawaida.

Kwa hiyo taarifa ya utambuzi inayoandikwa kwa Kiswahili inapaswa kutaja namba kwa jina lake kamili na kuonyesha imekutwa kwenye nini, kwa mfano: kipande cha bawa chenye namba ya kipuri inayoanza na 159, bati la 2024, bila bamba la utambulisho, kilichookotwa katika tope la mto. Maneno hayo yanatosha kusema kuwa kipande kimetoka katika ndege ya aina ya T-28. Ili kuandika kwamba ni ndege fulani, iliyorushwa na rubani fulani, inahitajika namba ya uundaji au ya kijeshi ilinganishwe na daftari za jeshi. Kabla ya hayo yote hutangulia agizo moja lisilohusu lugha: kipande chenye roketi, bomu au risasi hakiguswi wala hakipanguswi ili kisomwe, bali huachwa mahali pake na taarifa kupelekwa kwa wategua mabomu.