Tarumbeta Inalia kwa Ajili ya Nani?

Siku hizi furaha ya vijana wetu husafiri kwa simu. Mmoja akiona jambo la kuchekesha au la kushangaza, dakika hiyo hiyo amewarushia wenzake: fundi aliyeunda mashine kwa vyuma chakavu, mbuzi aliyepanda juu ya paa, au bendi ya tarumbeta barabarani na mpiga tuba anazunguka kama pia. Katika kundi la simu la kwaya yetu, video za tarumbeta ndizo zinazopendwa kuliko zote. Siku moja ilirushwa ya matarumbeta ya harusi juu ya pikapu, na baada yake ya kikundi cha tarumbeta cha usharika kikitangulia jeneza. Vyombo vilikuwa vile vile. Mzee mmoja wa kanisa akaandika: “Wanangu, mbona sioni tofauti? Hii ni ibada au ni ngoma?” Kijana akamjibu: “Shikamoo mzee. Zote ni shangwe tu.” Mabishano yakaendelea hadi usiku.

Swali la mzee ni la zamani. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, Mungu anamwagiza Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha. Kazi zake zilikuwa nyingi: kukusanya watu, kuvunja kambi ili safari ianze, kutoa ishara wakati wa vita, na kushangilia siku za sikukuu. Chombo kile kile kililia vitani na kililia mbele za Bwana. Watu walipaswa kusikiliza mlio na kujua wanaitiwa nini.

Kwa karne nyingi tarumbeta ilikuwa bomba tu. Mpigaji alibadilisha sauti kwa midomo na pumzi, naye alipata sauti chache zenye mapengo katikati. Iliweza kutangaza kuja kwa mfalme, lakini wimbo wa kawaida wa kanisa uliishinda. Tromboni, yenye bomba linalovutwa mbele na nyuma, ndiyo iliyoweza kuimba. Ndiyo maana Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, waliipenda. Kwa tromboni walitangaza kifo cha mwenzao, na kwa tromboni waliisindikiza ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, ibada iliyoanza huko mwaka 1732. Kanisa hilo ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891, na hadi leo Wamoraviani wa Tanzania huipokea Pasaka makaburini, jua likichomoza.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kilitokea kifaa kidogo kilichobadilisha mambo. Wanamuziki wawili wa Kijerumani, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walipata hataza ya vali mwaka 1818. Vali ndivyo vile vitufe ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole. Ukibonyeza kimoja, pumzi inapitishwa kwenye kipande cha ziada cha bomba. Bomba likirefuka, sauti inashuka. Kwa vitufe vitatu tu, mapengo yote yanazibwa. Katika miaka ya 1840, Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris, aliunda ukoo mzima wa vyombo vya vali, vidogo kwa vikubwa, vinavyopigwa kwa vidole vya namna moja. Aliyejifunza kimoja aliweza kukishika kingine. Mkulima au mfanyakazi wa kiwandani, aliyetoka kazini jioni akiwa na mikono migumu, sasa aliweza kujifunza muziki wa sauti nne.

Kanisa likaupokea uvumbuzi huo. Mwaka 1843, wakati wa uamsho katika eneo la Ravensberg, Ujerumani, kikundi cha tarumbeta kilianzishwa katika usharika wa Jöllenbeck, karibu na Bielefeld. Vikundi vikaenea kijiji kwa kijiji. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes waliwarahisishia kazi wapigaji hao kwa kuwaandikia noti kama zinavyoandikwa kwa ajili ya kinanda, ili kikundi na waimbaji wasome kitu kimoja. Johannes alihudumu Bethel, mji wa huruma uliokuwa ukiwatunza watu wenye kifafa. Jina la Bethel tunalijua sisi pia, maana misheni iliyofanya kazi Usambara na baadaye Bukoba ilikuja kuitwa kwa jina hilo.

Uingereza nako, mwaka 1878, katika mji wa Salisbury, wahubiri wa Jeshi la Wokovu walikuwa wakishambuliwa na wahuni barabarani. Charles Fry, mjenzi, alikwenda pamoja na wanawe watatu kuwalinda, nao wakachukua vyombo vyao vya shaba. Walikwenda kama walinzi, lakini muziki wao ukawavuta watu kusikiliza. Ndiyo bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu. Si wote waliofurahi. Wengine waliona ni aibu ala za mitaani na za jeshini zipigwe katika mambo ya Mungu.

Kwenye pwani yetu aibu iligeukia upande wa pili. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka ngoma ya beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi. Watu waliojionea bendi za askari wa kikoloni waliziiga kwa namna yao, kwa gwaride, sare na vyeo, na vyama vyao, Marini na Arinoti, vikafika hadi bara. Wamisionari wengi na serikali waliitazama kwa shaka. Lakini vyama hivyo vilizikana na kusaidiana, na vijana walipata humo heshima waliyonyimwa kwingine. Kabla ya kuwahukumu, kanisa lingefaa kujiuliza kwa nini hawakuipata heshima hiyo kwake.

Hadi hapa waweza kudhani kwamba tarumbeta ya kanisa ni salama na ya mtaani ndiyo ya kuangaliwa. Historia haituruhusu. Johannes Kuhlo, aliyewafundisha maelfu kumsifu Mungu na kuitwa jenerali wa tarumbeta, katika uzee wake alimuunga mkono Hitler hadharani. Utawala huo huo, mwaka 1940 na 1941, uliwaua zaidi ya wagonjwa wa akili na walemavu 70,000. Watu wa aina ile ile waliotunzwa Bethel ndio walioandikwa katika orodha za kifo. Kuhlo hakuwa amesahau noti hata moja, na nyimbo zake zilikuwa bado nzuri. Lakini mtume Paulo alikwisha kutuonya kwamba pasipo upendo, hata mwenye karama kubwa hubaki kama shaba inayopiga kelele.

Nami nina la kuungama. Kwa miaka kadhaa nilipiga tromboni katika kikundi cha tarumbeta. Jumamosi moja tulikodiwa harusini, na siku hiyo hiyo ulikuwapo msiba wa mama mjane aliyekuwa akifagia kanisa letu. Harusi ilikuwa na malipo, msiba haukuwa nayo. Tulikwenda harusini. Tulipiga nyimbo za kumsifu Mungu, tena tulizipiga vizuri, na watu walitupiga picha. Mama yule alizikwa kwa sauti za watu wachache tu. Hakuna aliyetulaumu, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Basi mzee wetu ningemjibu hivi. Tofauti huioni katika chombo, wala katika mwendo wa wapigaji, wala mahali wanapopigia. Bwana Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, na shangwe ya harusi si dhambi. Lakini uliza tarumbeta hiyo imemwendea nani, na imempita nani. Vali imetuwezesha kupata kila sauti, na simu zinaifikisha sauti hiyo mbali kuliko alivyoweza kuwaza Stölzel. Kumwendea mjane asiye na cha kulipa hakuna fundi aliyekivumbua kifaa chake.

Vijana, endeleeni kurushiana video zenu, nami nitacheka pamoja nanyi. Ila siku mtakaposikia msiba wa mtu asiye na jina, chukueni vyombo mwende, hata kama hakuna atakayepiga picha.