Kinu cha Flatford na Jamaa Waliokirithi



Mtu akitaka kujua habari za jamaa fulani, huanza kwa kuwauliza wazee majina ya baba na babu. Lakini ziko jamaa ambazo habari zao zimefungamana na kitu kimoja, kama vile shamba, au kisima, au mti. Ukifuata habari za kitu kile, utawaona watu wote wakipita mbele yako mmoja baada ya mmoja. Jioni hii nataka kuwasimulia habari za kinu kimoja cha maji cha Uingereza, na za jamaa walioishi kwa nguvu za maji yake.

Upande wa mashariki wa Uingereza uko mto uitwao Stour, nao ndio mpaka wa Suffolk na Essex. Kando ya mto huo, karibu na kijiji cha East Bergholt, ndipo palipo na kinu cha Flatford. Katika ukuta wake limo jiwe lililochorwa mwaka wa 1733, na jiwe hilo ndilo shahidi wetu wa kwanza.

Lakini kwanza tufahamu kazi ya kinu cha namna hii, maana si kinu cha kutwangia kwa mchi. Mto huzuiwa kwa boma hata maji yakapanda. Kisha hufunguliwa mlango mdogo, nayo maji hupita mbio katika mfereji na kulisukuma gurudumu kubwa. Gurudumu hilo huzungusha magurudumu mengine yenye meno yaliyomo ndani ya nyumba, na hayo huzungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halitikisiki. Ngano humiminwa katika tundu la jiwe la juu, ikasagwa kati ya mawe mawili, na unga ukatoka pembeni. Ni kazi ile ile ambayo mama zetu waliifanya tangu zamani kwa mawe mawili, ila hapa mto umeshika mahali pa mikono. Wenyeji wa milima ya Kenya, waliojenga vinu vya maji vya kusagia mahindi katika miaka ya 1920 na 1930, waliijua vizuri faida hiyo.

Basi, katika karne ya 18 kinu cha Flatford kilikuwa mali ya Abram Constable, tajiri aliyefanya biashara ya nafaka. Alipofariki, katika miaka ya 1760, mali yake ilimwangukia mtoto wa ndugu yake, jina lake Golding Constable. Golding alikuwa kijana mwenye bidii, naye hakukaa akala urithi tu. Alipata na kinu cha pili huko Dedham, juu kidogo ya mto. Alikuwa na matishari ya kupeleka unga hata Mistley, na pale ilingoja jahazi yake mwenyewe, iitwayo Telegraph, kuupeleka unga London. Kwa njia hiyo alisaga, akachukua, akauza, na matishari hayakurudi matupu, bali yalileta makaa ya mawe kwa watu wa vijijini.

Matishari hayo yalivutwa na farasi aliyekwenda ukingoni. Lakini mahali pengine njia ya ukingoni ilikatika, ikaendelea ng'ambo. Hapo farasi alifundishwa kupanda juu ya tishari, akavushwa kama abiria, kisha akashuka na kuendelea kuvuta.

Mwaka 1767 Golding alimwoa Ann Watts, wakajaliwa watoto sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Biashara iliposta­wi walihama kinuni, wakajenga nyumba kubwa East Bergholt. Na hapo ndipo ilipozuka shida ambayo wazee wengi wanaijua: je, nani atarithi kazi?

Mtoto wa kiume wa kwanza, aliyeitwa Golding kama baba yake, alikuwa na udhaifu, wala hakuonekana kuiweza biashara. Baba akamtazamia wa pili, John, aliyezaliwa mwaka 1776. John alipotoka shule alitiwa kazini, akajifunza mambo ya nafaka na vinu. Umebaki mpaka leo ubao mmoja uliotoka katika kinu cha upepo cha baba yake, na juu yake John alichora kwa kisu picha ya kinu, na jina lake, na mwaka wa 1792. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Ubao huo watuonyesha mambo mawili: mikono ya kijana ilikuwa kinuni, lakini moyo ulikuwa katika kuchora.

Baba hakupendezwa. Kuchora picha kulikuwa kazi isiyo na hakika, na vinu vilihitaji msimamizi. Hata hivyo, mwaka 1799 alimpa ruhusa na fedha kidogo, John akaenda London kujifunza katika chuo cha Royal Academy. Mzigo wa vinu ukawa wa mtoto mdogo kuliko wote, Abram, aliyeitwa kwa jina la yule tajiri wa kwanza.

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Je, John aliacha asili? Tutazame yaliyofuata. Mwaka 1816 mzee Golding alifariki. Abram aliendesha biashara, na katika faida yake kila ndugu akapata fungu. Kwa muda wa miaka saba John alikuwa amemposa Maria Bicknell asiweze kumwoa, kwa kuwa fedha hazikutosha na jamaa za binti hawakuridhia. Mwaka ule ule wa 1816 walioana. Basi mto uliosaga ngano ya baba ndio uliomlisha mchoraji na watoto wake.

Naye John alichora nini? Alichora kinu cha Flatford, na tishari likijengwa kando yake, na farasi mweupe akivushwa mto. Picha yake ijulikanayo kuliko zote, The Hay Wain, aliimaliza mwaka 1821: yaonyesha gari la farasi mtoni, karibu na nyumba ya jirani yao, mkulima Willy Lott. Alimwandikia rafiki yake kwamba mahali hapo ndipo palipomfanya kuwa mchoraji. Mwaka 1824 picha hiyo ilipewa nishani ya dhahabu Paris. Yule aliyeondoka ndiye aliyeifanya dunia ikijue kinu. Na yule aliyebaki ndiye aliyemwezesha. Sioni kwamba mmoja alikuwa mtoto mwema kuliko mwenziwe.

Mwisho wa biashara ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1846 reli ilifika Manningtree, jirani na hapo, na mizigo ikaanza kuyaacha matishari. Katikati ya karne hiyo kinu kilitoka mikononi mwa jamaa, na baadaye vinu vikubwa vya mvuke viliwashinda wasagaji wa mtoni. Lakini nyumba haikubomoka. Mwaka 1943 iliwekwa chini ya National Trust, chama kitunzacho mahali pa zamani, na kuanzia mwaka 1946 wanafunzi walikuja kujifunza humo habari za mimea, wanyama na mito.

Angalieni sasa jinsi habari hizi zilivyopatikana: jiwe la ukutani, ubao uliochorwa kwa kisu, barua, hati za urithi, na picha. Lakini angalieni pia zilipopungua. Katika picha za John mnamwona mtoto juu ya farasi, na mtu ashikaye upondo wa tishari. Hao ndio waliobeba magunia, na majina yao hayakuandikwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi, msingoje mpaka wazee wenu wameondoka. Twaeni daftari. Andikeni nani alichimba mfereji wa shamba lenu, nani alilileta jiwe la kusagia lililo uani, na nani alibaki nyumbani ili mwingine aende shule. Na majina ya wale waliosaidia kazi, yaandikeni pia.