Kanuni za Maadili ya Utafiti za Wasan

Kanuni za Maadili ya Utafiti za Wasan ni masharti yaliyotungwa na jamii za Wasan za !Xun, Khwe na ‡Khomani za Afrika Kusini, yakazinduliwa Cape Town mwezi Machi 2017. Yanamhusu kila mtafiti anayekwenda kwao kutafuta damu, picha, simulizi au maarifa.

Kanuni hizi zimetokana na machungu ya miaka mingi. Wawindaji wa Kisan walitafuna hoodia, mmea wa jangwa la Kalahari, ili kuzuia njaa na kiu. Katika miaka ya 1990 CSIR, taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, ilisajili hataza ya viambato vya mmea huo na kutoa leseni kwa kampuni ya Phytopharm ya Uingereza, Wasan wenyewe wasiambiwe neno. Habari zilipofichuka mwaka 2001 Wasan walidai haki yao, na mkataba wa 2003 ukawapa asilimia 6 ya mrabaha wa CSIR na asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti. Waliambulia kidogo, kwani kampuni zilizokuwa zikiendeleza bidhaa ya hoodia, Pfizer na baadaye Unilever, zilijitoa kabla haijafika sokoni.

Kisa kingine ni cha mwaka 2010, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa jenomu za wazee wa Kisan wa Namibia. Watafiti walipata ridhaa ya mmojammoja, lakini viongozi wa Wasan walilalamika kwamba hawakushirikishwa, na kwamba maandishi yalikuwa na maneno ya kuwadhalilisha.

Kanuni zinadai heshima, uaminifu, haki na usawa, kujaliana, na utaratibu wa kufuatwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: maombi hupitia kwa Wasan kabla kazi haijaanza, nao hushirikishwa hadi kwenye machapisho. Uaminifu nao unataka maelezo yatolewe kwa lugha nyepesi, na jamii ione matokeo kabla hayajachapishwa. Faida nazo si fedha tu. Ajira, ukalimani na nafasi ya kuwa watafiti wenza zinahesabiwa.

Hata hivyo, kanuni hizi si sheria. Mtafiti akizivunja, Wasan wanaweza kumnyima ushirikiano, basi. Kwa hiyo vyuo vikuu, wafadhili na wahariri wa majarida ndio wanaopaswa kuzifanya sharti: bila idhini ya Wasan, kusiwe na kibali, fedha wala makala.