Nyota ya Afrika: Hesabu na Jina la Rubani Marseille

Katika masimulizi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vita vya jangwani vilivyopiganwa Libya na Misri vina watu wengi wa kutajwa, na mmoja wao ni rubani Mjerumani Hans-Joachim Marseille. Alipokufa tarehe 30 Septemba 1942 alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Madaftari ya jeshi lake yamemwandikia ndege 158 za adui, na katika hizo 151 ni za Afrika Kaskazini. Hapana rubani mwingine wa Kijerumani aliyeandikiwa nyingi zaidi katika kupigana na Waingereza na washirika wao. Kwa ajili hiyo alipewa jina la Nyota ya Afrika. Nia ya makala haya si kumsifu tena, kwa kuwa amekwisha kusifiwa vya kutosha. Wala si kumshitaki, kwa kuwa marehemu hajibu. Nia ni kuyapima mambo mawili yaliyomfanya ajulikane, yaani hesabu na jina. Hesabu ni ushahidi, na jina ni dai. Kazi ya mwanahistoria, kama ilivyo kazi ya mchunguzi wa lugha, ni kuuliza kila neno limesemwa na nani, kwa nani, na kwa kusudi gani.

Marseille alizaliwa Berlin tarehe 13 Desemba 1919, katika ukoo uliotokana na Waprotestanti wa Kifaransa waliohamia Ujerumani zamani. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Wazazi waliachana yeye akiwa mtoto, akalelewa na mama. Mwaka 1938 aliingia katika jeshi la anga, na mwezi Agosti 1940 alianza kupigana juu ya Mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Huko aliandikiwa ndege saba, lakini yeye mwenyewe alipoteza ndege kadhaa, na mara moja aliokolewa baharini. Wakubwa wake walimwona kijana mwenye kipaji lakini asiyeshika amri: alijitenga na wenziwe angani, na chini alipenda starehe kuliko kazi. Mkuu wake katika kikosi cha JG 52, Johannes Steinhoff, akaona heri amwondoe. Ndivyo alivyofika katika kikosi cha JG 27, chini ya Eduard Neumann. Na kikosi hicho kilipopelekwa Libya mwezi Aprili 1941, naye akaenda.

Mwanzo wake huko haukuwa wa kishujaa. Tarehe 23 Aprili 1941 ndege yake ilipigwa na James Denis, Mfaransa aliyepigana upande wa Waingereza. Na mwezi uliofuata Mfaransa yuleyule alimpiga tena. Neumann hakumfukuza, bali alimpa nafasi ya kujifunza, na kijana akajifunza kwa bidii ambayo hakuwa ameionyesha kwingineko. Kila aliporudi kutoka safari ya kazi aliomba ruhusa ya kuwashambulia wenzake kwa mchezo, ili azoeze macho na mikono yake.

Yafaa tueleze kwa ufupi alichojifunza, maana bila ya hilo hesabu yake haifahamiki. Marubani wa ndege za Tomahawk na Kittyhawk waliposhambuliwa walikuwa na desturi ya kufanya duara, kila mmoja akilinda mkia wa aliye mbele yake. Marubani wengi wa Kijerumani waliliogopa duara hilo. Marseille aliliingia. Alipunguza mwendo, jambo ambalo wengine waliliona la hatari, akapinda kwa ghafula ndani ya duara, akapiga risasi si mahali ndege ya adui ilipo, bali mahali itakapokuwa baada ya kufumba na kufumbua. Kulenga kwa namna hiyo kunataka hesabu ya mwendo, umbali na pembe, inayofanywa kwa jicho tu. Mafundi wa silaha walioikagua ndege yake walishangaa kuona jinsi risasi zilizotumika zilivyokuwa chache. Hapana shaka kwamba alikuwa hodari. Na wasemao kwamba sifa zake zote zilitungwa na wapiga propaganda hawasemi kweli.

Mwaka 1942 sifa hizo zilipanda upesi. Mwezi Februari, hesabu yake ilipofika 50, alipewa nishani ya Msalaba wa Shujaa. Tarehe 3 Juni, karibu na Bir Hakeim, alihesabiwa ndege sita za Kikosi namba 5 cha Afrika Kusini katika muda wa dakika kumi na moja. Siku hiyo Kapteni Robin Pare wa kikosi hicho aliuawa. Tarehe 17 Juni hesabu ilipita mia. Akaitwa Ujerumani, akatukuzwa, akapokea nishani mkononi mwa Hitler, akarudi jangwani mwezi Agosti. Tarehe 1 Septemba aliandikiwa ndege 17 kwa siku moja. Baada ya siku mbili akatunukiwa Almasi, nishani iliyokuwa imekwisha kupewa watu watatu tu kabla yake, na punde akapandishwa cheo kuwa Kapteni.

Hapa ndipo tunapolazimika kusimama na kuyatazama maneno. Katika Kijerumani cha vita vile, ndege ya adui iliyoangushwa iliitwa *Luftsieg*, yaani ushindi wa angani. Na rubani wa ndege ya kupigana aliitwa *Jagdflieger*, yaani rubani mwindaji. Maneno hayo mawili yana kazi. La kwanza humwondoa mtu aliyekuwamo katika ndege, likaacha ushindi peke yake. La pili huifanya vita kuwa mawindo, na mwindaji hupimwa kwa idadi ya wanyama aliorudi nao. Waingereza nao walikuwa na maneno yao ya namna hiyohiyo. Sisi twasema ndege imetunguliwa, kama embe litunguliwavyo mtini, na neno letu nalo halimtaji rubani. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba lawama ni ya lugha moja. Vita haviwezi kuhesabiwa mpaka kwanza vimepewa maneno yanayohesabika.

Tena, kila upande ulihesabu kwa maana yake. Rubani wa Kijerumani alitakiwa kuandika taarifa na kuwa na shahidi. Na shahidi wa Marseille kwa muda mrefu alikuwa Rainer Pöttgen, aliyeruka nyuma yake na kuandika saa na mahali, hata wenziwe wakamtania kwa kumwita mashine ya kuhesabu inayoruka. Lakini shahidi huyo naye alikuwa akigeuka na kupinda kwa kasi katikati ya vumbi na moshi. Ndege iliyozama chini huku ikitoa moshi mweusi huenda inaanguka, na huenda rubani wake anakimbia kwa nguvu zote za injini. Ndege moja yaweza kupigwa na watu wawili, na kila mmoja akaiandika yake. Tena iko ndege iliyotua kwa tumbo mchangani, ikakokotwa na kutengenezwa, ikaruka tena: kwa Mjerumani hiyo ni moja iliyoangushwa, na kwa Mwingereza ni moja iliyoharibika. Tukio ni moja, maneno ni mawili, na hesabu hazitalingana kamwe hata kama hapana aliyesema uongo.

Na uongo nao ulikuwapo. Mwezi huohuo wa Agosti 1942 marubani wanne wa kundi jingine la JG 27 waligunduliwa kuwa wametoa taarifa za ndege ambazo hawakuziangusha, wakatenganishwa. Marseille hakuwamo. Lakini jambo lenyewe laonyesha jinsi nishani na magazeti yalivyowasukuma vijana wale. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baada ya vita wachunguzi wa nchi mbalimbali walikaa na madaftari ya pande zote mbili na kulinganisha siku kwa siku. Waliona kwamba madai mengi ya Marseille yana ndege halisi iliyopotea upande wa pili, na mengine hayana. Hivyo 158 ni idadi ya madai yaliyokubaliwa na wakubwa wake. Kuiita idadi ya ndege zilizoanguka ni kubadili maana ya ushahidi.

Lakini tuseme kwa ajili ya hoja kwamba kila dai ni la kweli. Je, vita vilinufaikaje? Siku ile ya 1 Septemba 1942, iliyo kubwa kuliko zote katika maisha yake, ilikuwa katikati ya mapigano ya Alam el Halfa. Usiku wa tarehe 30 Agosti Jemadari Erwin Rommel alianza shambulio lake la mwisho la kutaka kufika Mto Nile. Magari yake yalikwama katika mabomu ya ardhini na mchanga, petroli ikawa haba, na ndege za Waingereza zikawapiga askari wake usiku na mchana. Jemadari Walther Nehring, aliyeongoza Afrika Korps, alijeruhiwa kwa shambulio la ndege. Tarehe 2 Septemba Rommel aliamua kurudi nyuma, na mwenyewe alitambua kwamba nguvu za anga za adui zilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyomshinda. Ndege 17 alizoandikiwa Marseille siku ile zote zilikuwa za kupigana angani. Hata katika zile 151 za Afrika, zilizokuwa za kutupa mabomu ni nne tu. Basi mwindaji alijaza mkoba wake, na huku chini jeshi alilopaswa kulilinda likawa linateketezwa na ndege ambazo hakuzigusa. Kosa hili si lake peke yake. Lilikuwa la utaratibu uliompa mtu nishani kwa kuhesabu mikia ya ndege, wala haukuuliza kama mabomu yalizuiwa.

Mwezi huo wa Septemba uliwamaliza. Günter Steinhausen alipotea tarehe 6, na Hans-Arnold Stahlschmidt, rafiki mkubwa wa Marseille, tarehe 7. Tarehe 30 Marseille aliruka na ndege mpya ya Messerschmitt, aina ya Bf 109 G-2, kuzisindikiza ndege za mabomu. Hawakupigana na mtu. Wakati wa kurudi injini ilishika moto, moshi ukajaa katika chumba cha rubani mpaka akawa haoni, na wenziwe wakamwongoza kwa redio mpaka wakavuka mstari wa jeshi lao. Hapo aliigeuza ndege juu chini, akaruka. Mkia ukampiga kifuani, mwavuli haukufunguka. Alianguka kusini ya Sidi Abdel Rahman, katika Misri. Alizikwa Derna, na baadaye mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Wajerumani huko Tobruk. Siku ishirini na tatu baada ya kifo chake yalianza mapigano ya El Alamein, na Rommel akashindwa.

Limebaki jina. Neno Afrika katika Nyota ya Afrika halimaanishi watu wa Afrika. Lina maana ileile iliyo katika Afrika Korps, yaani uwanja wa vita, ardhi ya wengine ambamo wageni wanapigana. Libya ilikuwa koloni la Waitalia, na Misri ilikaliwa na jeshi la Uingereza. Hata kabla hawajafika huko, marubani wa kundi la kwanza la JG 27 walichora ubavuni mwa ndege zao ramani ya Afrika, na juu yake kichwa cha mtu mweusi na cha mnyama wa mwituni. Wasomaji wa nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza hawahitaji kufasiriwa picha hiyo.

Hata hivyo Mwafrika mmoja ametajwa katika habari hizi. Ni Koplo Mateus Letulu wa Afrika Kusini, aliyetekwa Tobruk mwezi Juni 1942. Serikali yake haikuruhusu askari weusi kushika bunduki. Walipelekwa vitani kuendesha magari, kuchukua mizigo na kubeba majeruhi. Marseille alimchukua amtumikie kambini, asipelekwe katika kambi za mateka za Ulaya, na wawili hao wakawa marafiki. Wajerumani walimwita Mathias. Wanaompenda Marseille hutumia urafiki huo kuonyesha kwamba hakuwa na chuki ya rangi, na huenda ni kweli. Vitendo vyake havina dalili ya chuki. Lakini yatubidi tuone pia kwamba Letulu huletwa mbele kama shahidi wa wema wa mtu mwingine, na kwa jina alilopewa na waliomteka. Wema wa mtu mmoja hambadilishi mfalme anayetumikiwa. Marseille alipigana mpaka kufa kwa ajili ya utawala uliofundisha kwamba watu wa namna ya Letulu ni duni, na ushujaa wake ulitumiwa kuupamba utawala huo.

Ujerumani yenyewe imechukua miaka mingi kulifikia jambo hili. Mwaka 1957 ilitolewa sinema juu ya maisha yake, nayo ilichukua jina lilelile la Nyota ya Afrika. Mwaka 1975 kambi ya jeshi la anga huko Appen ilipewa jina la Marseille. Mwaka 2021 jina hilo liliondolewa, ikaitwa kwa jina la Jürgen Schumann, rubani wa ndege ya abiria Landshut aliyeuawa na watekaji nyara huko Aden mwaka 1977 katika jitihada za kuwaokoa abiria wake. Hapana aliyekana kwamba Marseille alijua kuruka. Kilichokataliwa ni kwamba kujua kuruka na wingi wa hesabu vyatosha kumfanya mtu awe kielelezo kwa vijana. Nasi tunaofundisha historia twaweza kuzitaja ndege zile 158, ili mradi tuseme palepale kwamba ni madai, ni nani aliyeyahesabu, na yalihesabiwa kwa faida ya nani.