Kiada na Ziada: Jinsi Maduka ya Vitabu ya Mtaani Yalivyofungwa

Aliyeingia duka la vitabu la mtaani miaka ya 1970 au 1980 hakupekua rafu. Mbele yake palikuwa na kaunta ya mbao, nyuma ya kaunta kabati la kioo, na ufunguo wa kabati umo mfukoni mwa mwenye duka. Unataja jina la kitabu, mzee anapanda kigoda. Kwenye rafu za chini yalikaa madaftari, rula na vitabu vya hesabu. Juu kabisa, karibu na dari, ndiko walikokuwa Shaaban Robert, Kezilahabi na Musiba. Kwa lugha ya biashara hiyo, chini kiada, yaani vitabu vya darasani, juu ziada, vitabu vya kujisomea. Kiada ndiyo iliyolipa kodi ya pango, na ziada ikaishi kwa kodi hiyo hiyo. Siku kiada ilipoondolewa dukani, riwaya zilikosa pa kukaa.

Biashara yenyewe, hapa Afrika Mashariki, ilianzia kwa wamisionari na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Kampala ilipata Uganda Bookshop ya kanisa mwaka 1927. Mwaka 1948 wakoloni walianzisha East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, kuchapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Baada ya uhuru ilikuja Tanzania Publishing House, mwaka 1966. Walter Bgoya alianza kuiongoza mwaka 1972, na mwaka huo huo ikashiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mji wa wasomaji. Kando ya vitabu vya hapa nchini, kulikuwa na vitabu vya Moscow na Peking, vingine vikiwa kwa Kiswahili, kwa bei ambayo hata karani wa kawaida aliimudu.

Pigo la kwanza lilitoka mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Tukitaja hasara za mpaka ule huwa tunakumbuka ndege na reli, vitabu tunavisahau. Ebrahim Hussein alikuwa Mtanzania, lakini tamthilia yake Kinjeketile, ya mwaka 1969, ilitolewa na Oxford, Nairobi. Rosa Mistika ya Kezilahabi nayo ilitokea Nairobi, mwaka 1971. Msomaji wa Dar es Salaam akatenganishwa na mwandishi wa nchi yake mwenyewe. Kisha vikafuata vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi ikawa adimu kama sukari.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hayo yalitokea wakati elimu ya watu wazima inazaa matunda. Kwa hesabu za serikali, kufikia katikati ya miaka ya 1980 wasiojua kusoma nchini Tanzania walikuwa chini ya asilimia 10. Mamilioni walijifunza herufi, na walipozijua hawakukuta cha kununua. Kiada ilipita kwa shirika la umma, Tanzania Elimu Supplies, bila kugusa kaunta ya mzee wetu. Vijana kama Kajubi Mukajanga waliamua kujichapia, na riwaya fupi za mjini zikauzwa mikononi na kwenye vibanda vya magazeti.

Nafuu ilirudi kwa muda. Nchini Kenya, elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, serikali iliweka fedha kwenye akaunti ya shule. Shule ilichagua kwenye orodha iliyoidhinishwa na kununua kwa muuzaji. Duka la mji mdogo likapumua. Mwaka 2013 kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ikawekwa kwenye vitabu. Mwaka 2018 serikali ikaanza kununua moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Mzazi alifaidika, na sipingi mtoto kupata kitabu bure. Lakini muuzaji aliachwa nje ya hesabu hiyo kabisa. Tanzania nayo ilirudi kwenye kitabu kimoja cha kiada, kinachoandaliwa na Taasisi ya Elimu.

Kilichobaki ni vitabu vya fasihi vya mtihani, kama vile Takadini na Watoto wa Mama Ntilie, navyo vinarudufiwa kwa fotokopi karibu na geti la shule. Nairobi kuna wauzaji wa kutandaza chini, wanaoitwa inama bookshop. Ninawaheshimu, ila kwao unapata kilichobahatika kuwapo siku hiyo, huwezi kuagiza.

Husemwa simu ndiyo iliyoua maduka. Lakini mzee mmoja mwenye duka alinionyesha daftari lake la mauzo. Kila mwaka, Januari ilijaza kurasa, shule zinafunguliwa na wazazi wamepanga foleni hadi barabarani. Miezi mingine ilikuwa mistari michache: riwaya mbili, diwani moja, vitabu alivyochukua kwa mali kauli kutoka kwa waandishi na bado anadaiwa. Alifunua mbele, akaniwekea kidole kwenye mwaka wa mwisho. Januari ilikuwa na mistari minne.