Dagahaley Haifungwi kwa Tangazo

Tarehe 6 Mei 2016, Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani, Karanja Kibicho, alitoa taarifa yenye mambo mawili. Kambi za Dadaab zingefungwa, na Idara ya Masuala ya Wakimbizi ilikuwa imevunjwa. Wengi tulishika la kwanza. Mimi nadhani la pili ndilo lililouma zaidi.

Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Siad Barre kung'olewa Mogadishu. Pamoja na Ifo na Hagadera, ilipangwa kupokea watu 90,000. Kufikia 2016 Dadaab ilikuwa na zaidi ya watu 250,000, na wengine walikuwa wamezaliwa hapo, wakasoma hapo, wakazaa hapo. Mtu kama huyo ukimwambia "rudi kwenu", ana haki ya kukuuliza: wapi?

Sasa hiyo idara. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ombi la hifadhi lilipelekwa kwa Kamishna. Ukikataliwa, ulikata rufaa kwa Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi, na kutoka hapo ungeweza kufika Mahakama Kuu. Vunja idara, na ngazi yote inakosa kidato cha kwanza. Aliyekataliwa angalau ana uamuzi wa kupinga. Ambaye ombi lake halina wa kulipokea, atapinga nini?

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, Ombi Nambari 227 la 2016. Sikumaliza chuo, na sheria sikuisomea, lakini hoja yao haihitaji digrii. Jaji anapopitia uamuzi wa serikali, haulizi kama yeye angeamua vingine. Anauliza: ulikuwa na mamlaka hayo? Uliwasikiliza wanaoguswa? Kifungu cha 47 cha Katiba kinamdai kila afisa haki katika utaratibu, na hakisemi ni kwa raia peke yao.

Tarehe 9 Februari 2017, Jaji John Mativo alijibu. Kuwalenga Wasomali ni ubaguzi. Kuwarudisha watu kwenye hatari ni kinyume cha sheria. Idara iliyoundwa na sheria ya Bunge haivunjwi kwa tamko la wizara. Uamuzi wote ukawa batili.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 Jaji David Majanja alizuia amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini. Mwaka 2015 majaji watano walifuta kipengele kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000.

Lakini tusijidanganye. Hukumu ya Mativo haikumpa mtu yeyote hadhi ya ukimbizi, wala haikumfungulia kijana wa Dagahaley barabara ya Garissa; kutoka kambini bado kulihitaji kibali. Ilichofanya ni kuilazimu serikali ifuate njia ya sheria.

Na serikali ilijaribu tena. Machi 2021, Waziri Fred Matiang'i aliwapa UNHCR siku 14 walete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Aprili, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda. Miaka minne ilikuwa imepita, na swali mbele ya jaji lilikuwa lile lile: hawa watu mmewasikiliza?